Joto la Nyumba ya Bati

Kila kipupwe kinapoingia, mwanangu, ipo siku moja inayonijia kichwani bila kuitwa. Ilikuwa siku ya soko pale Lyulilo, mwezi wa saba, manyunyu yakija na kukoma, upepo wa mwera ukipiga kutoka ziwani. Siku hiyo nilikaribia kumpoteza mke wangu pamoja na mtoto wetu wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani ninawatunza. Nimeisimulia mara chache. Leo naisimulia kwa sababu vijana wetu wengi mnapata kazi huko juu, Makete na Njombe, ambako baridi si hadithi, na mkirudi nyumbani swali lenu ni lile lile: mzee, tununue nini cha kupashia nyumba joto, maana mkaa umepanda na umeme haushikiki?

Utasema mzee wa Kyela anajua nini kuhusu baridi. Kweli, huku kwetu tunajulikana kwa mpunga, kakao na jasho. Lakini usiipime baridi kwa mahali tu. Ipime kwa mtu inayempata. Upepo unaomburudisha mkulima mwenye jembe unaweza kumwondoa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, baada ya muda mrefu wa maduka matupu, na aliyekuwa jana anapanga foleni ya sabuni leo alikuwa anauza sabuni. Mimi niliingia kwenye mitumba. Nilichukua marobota Kasumulu, pale mpakani, nikayapitisha Kyela mjini na Ipinda kwa gari la mizigo, nikayafungua Lyulilo siku ya soko. Watu wa milimani walishuka kwa miguu kununua makoti, na watu wa pwani ya ziwa walikuja kwa mitumbwi na vyungu na samaki. Sikuwa tajiri, ila nilikuwa na kitu ambacho kijana akikipata humlevya kuliko pombe: watu walikuwa wananitazama.

Basi nikajenga. Baba yangu alitulea katika nyumba ya mianzi iliyokandikwa udongo, paa la nyasi nene kama godoro, ng'ombe wakilala upande mmoja na sisi upande wa pili. Nyumba ile ilikuwa na giza na harufu yake, lakini kipupwe hatukukijua tukiwa ndani. Mimi niliionea aibu. Nikajenga ya tofali za kuchoma, kwenye mchanga karibu na ziwa, sakafu ya saruji, paa la bati, madirisha manne makubwa ya vioo, mawili yakitazama maji. Katika safu ile ya nyumba, bati langu ndilo lililokuwa la kwanza kung'aa.

Mabati niliyanunua kwa Mzee Shomari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kyela mjini. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku, akazikwa huku. Mzee Shomari alikuwa mtu wa maneno machache. Alipoona orodha yangu akauliza, "Mbao za dari ziko wapi?"

"Dari baadaye, Mzee. Kwanza vioo."

"Bati ni zuri kwa mvua," akasema. "Kwa baridi halikusaidii. Mchana litakuunguza, usiku litakunyonya joto lote. Anza na dari, vioo vitakuja."

Nikamjibu, na jibu hilo nalikumbuka neno kwa neno, "Dari haionekani barabarani, Mzee Shomari."

Alinitazama kidogo, akaendelea kuhesabu misumari. "Haya. Nyumba ni yako, kijana."

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kosa la methali hiyo ni moja tu: haisemi kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwingine.

Nilioa mwaka huohuo. Mke wangu aliitwa Atupele. Mama yake alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule chini ya milima ambako wanawake hufinyanga vyungu, na Atupele mwenyewe alikuwa na mikono ya kazi na ulimi mtulivu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Akisema jambo mara moja, alihesabu kuwa limesemwa. Hilo nililijua, lakini sikulitia maanani.

Mimba yake ilikuwa na miezi saba na kitu uchungu ulipomshika, katikati ya mwezi wa sita. Alijifungua hospitalini mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba nilipooneshwa nilimtafuta ndani ya kanga. Uzito wake haukufika kilo mbili. Tulimwita Bupe, maana yake zawadi. Walimtunza pale siku kumi na mbili, na alipoanza kunyonya vizuri wakaturuhusu. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alituambia mlangoni, "Mtoto huyu asipate baridi hata kidogo. Akae mwilini mwa mama yake muda wote, na ndugu wapokezane."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili niliihesabu kuwa maneno ya wanawake.

Tukaingia kwenye nyumba yangu ya kung'aa, na mwera ukaanza. Mwanangu, wewe uliyekulia kwenye nyumba yenye dari hujui nyumba ya bati tupu inavyolala mwezi wa saba mbele ya ziwa. Alfajiri bati linatoa jasho, matone yanaanguka juu ya chandarua. Saruji inakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Upepo unaingia kwenye mwanya kati ya ukuta na paa, unazunguka chumba, unatokea dirishani, kana kwamba nyumba imejengwa kwa ajili yake. Mikono ya Bupe ikawa ya samawati. Alikuwa akinyonya kidogo, anachoka, analala.

Nikafanya kama mtu wa soko anavyofanya: nikanunua. Nilinunua majiko mawili ya mkaa, nikayaweka chumbani, moja kila upande wa kitanda. Mkaa ulikuwa unashushwa kutoka milimani, na kipupwe bei yake hupanda kwa sababu kila mtu anautaka. Gunia la kwanza liliisha upesi, na la pili halikukaa. Chumba kilikuwa kinapata joto majiko yakiwa mekundu, na yakififia tu, baridi inarudi kana kwamba ilikuwa imesubiri nje ya mlango. Nilikuwa napasha joto ziwa zima. Nikaanza kula mtaji. Robota ambalo lingepaswa kurudi Kasumulu kama fedha liligeuka majivu.

Hapo ndipo nikakumbuka methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaishika hiyo moja, nikaziacha nyingine zote. Nilichukua nguo zilizokosa mnunuzi, nikazisokomeza kwenye mwanya wa paa pande zote nne. Nikabandika magazeti kwenye madirisha, juu yake maboksi. Nikaziba tundu alilokuwa ameliacha fundi juu ya mlango wa chumba, uliofungukia barazani. Kazi ilinichukua siku mbili, na ilipokwisha nilisimama katikati ya chumba nikasikia kimya. Mwera ulikuwa nje. Jiko moja sasa lilitosha pale ambapo majiko mawili hayakutosha. Nilijisifu. Nilimwambia Atupele, "Umeona? Gunia hili litatufikisha mwisho wa mwezi."

Akasema, "Kichwa kinaniuma."

"Ni uzazi," nikamwambia. "Utapoa."

Kesho yake asubuhi akasema tena, kwa sauti ileile, "Kichwa kinaniuma, na nasikia kichefuchefu. Nikitoka nje kunapungua."

Mwanangu, mke wangu alinipa jawabu lote mkononi. Nikitoka nje kunapungua. Mtu mwenye masikio angehitaji nini zaidi? Nilimwambia asitoke nje na mtoto, kuna upepo. Kisha nikabeba makoti yangu nikaenda sokoni, maana ilikuwa siku ya soko na baridi ile ilikuwa imewashusha watu wengi wa milimani. Kabla ya kuondoka nilijaza jiko mkaa. Nilikuwa pia nimekunja tambara refu la kuziba upenyo wa chini ya mlango, ufa pekee uliokuwa umebaki. Nilikuwa nimechelewa, nikaliweka juu ya kiti. Nikasema nitaliweka jioni.

Soko lilikuwa zuri siku ile. Mnamo saa nne mtumbwi wa Ikombe ulifika, umepakiwa vyungu vilivyofungwa kwa majani, na ndani yake alikuwemo Bibi Sekela, bibi yake Atupele mzaa mama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mikono imepasuka kwa udongo wa miaka mingi. Kwa kuwa nilikuwa nimemwoa mjukuu wake, desturi ilimruhusu kunitania, na hakuwahi kuiacha haki hiyo ilale.

"Mume wangu," akasema mbele ya wateja, "unauza makoti na mwenyewe umevaa shati. Nilindie vyungu vyangu. Nakwenda kumwona mgeni wangu."

"Yuko salama, Bibi. Chumba kimepashwa joto kama tanuri."

Akaniangalia. "Tanuri," akasema. Akaweka vyungu chini, akaondoka bila utani mwingine.

Haikupita muda mrefu jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akikausha usipa, wale dagaa wa ziwani, karibu na nyumba yangu, akaja sokoni mbio, kanga imelowa. Alinishika mkono mbele ya mteja aliyekuwa akijaribu koti. "Bibi anakuita. Acha nguo. Njoo sasa hivi."

Nilikimbia. Kutoka sokoni hadi kwangu si mbali, lakini ule mchanga wa ufukweni humvuta mtu miguu. Nilipofika niliona kwanza jiko langu likiwa nje kwenye manyunyu, likitoa mvuke. Kisha nikaona vioo. Madirisha mawili ya upande wa ziwa yalikuwa yamevunjwa, maboksi na magazeti yamesambaa mchangani. Mlango ulikuwa umeng'olewa bawaba moja. Atupele alikuwa amelazwa barazani juu ya mkeka, uso wake umekuwa wa rangi nisiyoijua, jirani mwingine akimshikilia kichwa atapike. Na Bibi Sekela alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mtoto akiwa ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi, kichwa kidogo kimetokeza chini ya kidevu chake. Alikuwa anampulizia usoni taratibu.

Nilimshika Atupele mkono, nikamwita jina.

Walinieleza baadaye yaliyotokea. Bibi alipiga hodi, hakuna jibu. Alipiga tena, akasikia kitu kama kukwaruza chini ya mlango. Akainama, akaona vidole vya Atupele kwenye ule upenyo. Mke wangu alikuwa amezidiwa na maumivu ya kichwa, akashuka kitandani na mtoto ili atoke, miguu ikamkatalia kabla hajafikia komeo. Alijiburuta hadi mlangoni, akalala kwa ubavu, na mdomo na pua ya Bupe akaviweka kwenye ule ufa wa chini, mahali ambapo upepo wa nje ulikuwa unaingia. Kisha akapotewa na fahamu. Ufa ule, mwanangu, ndio niliokuwa nimeukunjia tambara.

Vijana waliokuwa wakitengeneza nyavu waliung'oa mlango. Bibi ndiye aliyevunja vioo, kwa mchi.

Tulimbeba Atupele kwa kitanda cha kamba hadi hospitalini, watu wanne tukipokezana. Bibi alitembea nyuma na mtoto kifuani, hakukubali mtu ampokee. Yule muuguzi mnene ndiye aliyetupokea. Walimwekea Atupele hewa ya mtungi. Daktari alisema mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, mtu huipumua akidhani ni usingizi. Alisema tungechelewa kidogo tu, angekuwa anatuambia maneno mengine. Kuhusu mtoto hakuahidi chochote. Alisema tusubiri.

Tulisubiri siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Bupe alilia kwa njaa, sauti nyembamba ya hasira, na muuguzi akacheka peke yake pale wodini.

Siku hiyohiyo Atupele alikuwa ameketi, anakunywa uji. Nilikaa pembeni ya kitanda chake. Alinywa mpaka akamaliza, akaweka kikombe chini, akasema bila kunitazama, "Nilikwambia kichwa kinauma."

"Uliniambia," nikasema.

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Hakulirudia tena katika miaka yote tuliyoishi pamoja. Ningependa angelirudia. Maneno yanayorudiwa huisha makali.

Bibi Sekela yeye hakuwa na haraka ya kuninyamazia. Aliniita nje, kwenye benchi la upande wa jua, akaniketisha kama mtoto wa shule. Utani ulikuwa umeisha.

"Nimechoma vyungu tangu sijaota maziwa," akasema. "Naujua moto kuliko unavyoyajua makoti yako. Moto ni mgeni anayekula. Ukimfungia ndani na watu wako bila kumwachia mlango wa kupumulia, atakula pumzi yao. Nani alikufundisha kulala na moto kwenye chumba kilichozibwa?"

"Hakuna, Bibi. Baba alikuwa na moto ndani kila siku."

"Nyumba ya baba yako ilikuwa na paa la nyasi. Moshi ulikuwa unatoka juu polepole, joto linabaki. Nyasi zilikuwa na akili kuliko bati lako." Akamsogeza mtoto vizuri kifuani. "Na hao ng'ombe unaowaonea aibu walikuwa jiko. Umewahi kusikia ng'ombe ananunuliwa mkaa? Joto la nyumba linatoka kwa walio hai ndani yake. Kazi ya nyumba ni kulizuia lisipotee. Wewe umeacha kulizuia, ukaenda kulinunua. Ulipochoka kununua ukaziba mpaka pumzi."

Nikasema, "Nimekosa, Bibi."

"Najua. Vua shati."

Sikuelewa. Palikuwa na watu, wake kwa waume, wamekaa kwenye majani wakisubiri ndugu zao.

"Vua shati, mume wangu. Mjukuu wangu amechoka na mimi ni mzee, kifua changu ni mifupa. Wewe una miaka ishirini na sita na damu inayochemka bure. Mtoto huyu anahitaji jiko."

Nilivua. Alimtoa Bupe kifuani kwake, akampachika kifuani kwangu, miguu imekunjwa kama ya chura, akanifunga kwa kitenge, juu akanivika koti kubwa la mtumba, mojawapo ya yale niliyokuwa nikiuza. Watu walitazama. Mzee mmoja alisema kwa Kinyakyusa jambo lililowafanya wanawake wafunike midomo. Masikio yaliniwaka. Lakini baada ya muda kidogo nilisahau watu, maana mikono ile midogo iliyokuwa baridi kama samaki ilianza kupata joto. Sikufanya lolote. Nilikaa tu. Katika maisha yangu yote ya kuhangaika, sikuwahi kufanya kazi kubwa kwa kukaa tu.

Tulirudi nyumbani, na Bibi akakaa nasi mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Hatukununua tena mkaa wa kuwasha chumbani. Alichagua chumba kidogo kuliko vyote, cha upande wa mlima, mwera usikofika, akasema wote tutalala humo. Vile vikubwa vikae vitupu mpaka jua lirudi. Nilikata matete, tukasuka mikeka, tukaitandika chini ya papi, zile mbao zinazobeba bati, ikawa dari, na juu yake tukamwaga tabaka jembamba la udongo uliochanganywa na majani makavu. Haikuonekana barabarani. Usiku wa kwanza chini ya dari ile bati halikudondosha tone.

Upande wa upepo aliniruhusu kuziba, tena vizuri, kwa udongo. Upande wa pili, juu karibu na dari, alinifanya niache tundu la upana wa kiganja, akaniambia lisizibwe hata baridi ikija na viboko. Sakafuni tulitandika majani ya mpunga, juu yake mkeka, juu yake godoro. Asubuhi jua likitoka tulifungua milango liingie, na lilipoanza kuinama tulifunga kabla joto halijaondoka nalo. Jioni alichemsha maji jikoni, nje, kwenye moto huohuo wa kupikia wali, akayatia kwenye vyungu vidogo vyenye shingo nyembamba alivyofinyanga mwenyewe, akaviziba kwa kitambaa na kuvifunga blanketi, akaviweka miguuni mwa kitanda. Gunia moja la mkaa, kwa kupikia tu, lilitutosha kipupwe chote.

Na Bupe alikaa vifuani. Mama yake, Bibi, mimi. Nilipokezana nao mchana na jioni, wiki baada ya wiki, na ikabidi biashara isubiri. Kona yangu pale sokoni ilichukuliwa na mtu mwingine. Sikuipata tena, wala sikurudi kuwa mtu wa kutazamwa. Nilihamia kwenye mchele, biashara ya polepole, na nimeishi nayo. Mzee Shomari nilikwenda kumweleza yote mwaka uliofuata. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia anatambaa. Akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea na wateja wake. Hakuniambia nilikwambia. Wazee wa aina hiyo wamepungua.

Bibi Sekela alifariki Bupe akiwa na miaka minne. Tulikwenda Ikombe kwa mtumbwi. Nilitaka kusema neno msibani, nikashindwa, nikasema tu ndaga fijo, asante sana, nikakaa. Atupele naye amekwishatangulia, ni mwaka wa sita huu. Bupe ni mwalimu, ana watoto watatu, na ana sauti kubwa kuliko wote katika ukoo. Nikimsikia anawafokea wanawe namwacha afoke.

Sasa, mwanangu, neno lenyewe ni hili. Unakwenda mahali pa baridi. Kabla hujauliza bei ya mkaa au ya jiko la umeme, tembea ndani ya nyumba yako asubuhi na mapema ukiwa na mkono mtupu, usikie upepo unaingia wapi na joto linatokea wapi. Mara nyingi linatokea juu, kwa hiyo dari ije kabla ya urembo. Kipupwe mkae chumba kimoja. Nyumba kubwa ni ya sherehe. Mvae kwanza ndipo mwashe moto, maana koti hununuliwa mara moja na mkaa hununuliwa kila wiki. Jua ni la bure, liingize. Moto wa kupikia ni ule ule, uchemshie maji. Na ukilazimika kuwasha jiko la mkaa, liwake nje mpaka lishike, uote nalo mlango ukiwa wazi, na likitolewa nje lisirudi, hata kama limebaki kaa moja. Usilale nalo. Usimwache mtu nalo. Hakuna nafuu ya fedha inayostahili pumzi ya mtu wako.

La mwisho ndilo zito, na mimi nililipata kwa gharama. Mtu wa nyumbani mwako akikwambia kitu kinamuuma, acha ulichoshika, umsikilize. Hasa yule asiyependa kulalamika. Nyumba inaweza kuwa na dari, zulia na blanketi za kila rangi, na bado ikawa baridi kwa anayesema bila kusikiwa.

Nenda salama. Kyala, Mungu wetu, akutangulie njiani na akukute mlangoni. Paa lako lizuie mvua na lisizuie pumzi. Wanaokungoja ndani wawe na joto la kukupa, nawe uwe na la kuwapa, na wakikuita usiku au mchana, wakukute unasikia.